Kiti cha Kando ya Folke

Kwa miaka kumi na tisa Ragnhild Öberg alisoma kwa sauti kurasa za gazeti dogo la mjini Härnösand kabla hazijachapwa, na Folke Sandelin akamsikiliza, macho yakiwa kwenye maandishi ya mwandishi. Maneno ya Kiswidi hupenda kuungana mpaka mstari unashindwa kuyabeba, na kazi yao ilikuwa kuhakikisha yamekatwa kwenye kiungo, pale neno moja linapokutana na jingine. Järnvägsstation, yaani stesheni ya reli: Ragnhild aliukaza mwanzo, akapita katikati kwa wepesi, akaukaza mwisho kidogo, na pale mpanga chapa alipolikata neno akagonga meza kwa kidole. Akigonga mahali pasipo na kiungo, Folke humsimamisha. Hawakuwa na mazungumzo mengine, na kwake hiyo ilikuwa ndoa tosha.

Masika ya mwaka 1964 akaja Solveig, msichana wa kusini mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Folke akaomba asomewe na huyo. Ragnhild akahamishiwa matangazo madogo, upande wa pili wa ukuta wa kioo.

Aliona wivu, wala hakujidanganya kuwa ni kitu kingine. Kupitia kioo alimwona Folke akiikodolea midomo ya msichana, karatasi kaisahau. Mzee wa miaka sitini na mbili, hata haya hana!

"Naona umepinduliwa, dada," mpanga chapa mmoja alimchokoza saa ya kahawa, mdomo umejaa andazi la mdalasini.

"Tafuna ulichonacho," akamjibu.

Kila asubuhi akawa analipekua gazeti akitafuta neno lililokatwa vibaya. Wiki tatu nzima hakupata hata moja, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Ijumaa akamvaa Folke kwenye ngazi. "Bwana Sandelin, nilikukosea nini?"

"Eti?"

"Nasema nilikukosea nini! Huyo kakuzidishia kitu gani?"

Folke alimtazama midomo. "Bi Ragnhild, mimi sisikii. Mwaka wa pili sasa. Kidole chako nilikihisi mezani, lakini neno silipati, sauti yako ya chini. Nikawa natia saini tu kwamba ukurasa uko sawa, kwa kuwa ni wewe. Solveig anapaza, na yasiyonifikia nayasoma mdomoni."

"Ukamwambia yeye, mimi ukanificha? Miaka kumi na tisa!"

"Hata yeye sikumwambia. Aligundua mwenyewe, siku ya kwanza."

Folke akashuka zake. Ragnhild alibaki ameshikilia ukingo wa ngazi. Afadhali wangekuwa wapenzi, angemchukia Solveig kwa raha zake. Sasa wivu ulimshika upya, mkali kuliko mwanzo. Msichana yule alikaa na Folke siku moja tu, akamwona. Yeye alikaa naye miaka kumi na tisa, akiisikiliza sauti yake mwenyewe.