Ampli ya Baba Inapata Moto

Baba alipofariki, baba mdogo alifunika ampli yake ya gitaa kwa kitambaa cheusi, akafunga mlango wa chumba, akaondoka na ufunguo. Katika ukoo wetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku ya kutoa kilio, mjane anapovua nguo nyeusi. Nilimsihi aniache niiwashe mara mojamoja. Ilikuwa ampli ya zamani, ya taa za kioo zinazokuza sauti, na mashine za namna ile zikilala sana huharibika ndani kwa ndani.

"Weye unataka mufu apige gitare mbele ya kilio kuisha?" akaniuliza, na watu wote barazani wakacheka.

Nilikunja uso. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, lakini ufunguo wa kuufikia ufa huo ulikuwa mfukoni mwake.

Baba alikuwa mtu wa reli. Jioni akirudi kazini alipiga gitaa sebuleni, nami ndiye niliyemshikia tochi alipolehemu nyaya zake, hadi siku moja akanipa mimi chuma cha kulehemu na tochi akaishika yeye. Mama hakuipenda ampli ile. Ikishapata moto alipiga kelele kutoka jikoni: "Zima ile kitu, itaunguza nyumba!" Baba alikuwa akijibu, "Wimbo mmoja tu," kisha anapiga nyimbo tatu.

Siku ya kutoa kilio ilipokaribia, Mama huyohuyo akaniita chumbani kwake.

"Miye siombe mingi," alisema. "Siku nitavula hizi nguo, nisikie ampli ya baba yenu. Mara moja tu."

Kwa ombi hilo la Mama, baba mdogo alinipa ufunguo, lakini wiki ileile ya sherehe. Niliiwasha. Taa zikawaka rangi ya chungwa, mdogo wangu akagusa nyuzi za gitaa, na sauti ikatoka ile ile, nzito, yenye mikwaruzo kidogo. Nilitaka kulia kwa furaha. Wimbo ulipokaribia kwisha nikasikia harufu ya kuungua. Rezistansi moja chini ya taa kubwa, kidude cha kupunguza umeme kisichozidi punje ya haragwe, ilikuwa imegeuka nyeusi.

Nikaweka nyingine. Ikaungua. Nikaweka ya tatu, nikaichomoa ile taa kubwa na kuwasha tena: safari hii rezistansi ilibaki baridi. Basi taa ndiyo inayokunywa umeme kupita kiasi, nikasema, nikachukua taa ya akiba katika kopo la Baba. Nayo ikanywa vilevile. Nilipopima kwa mita nikampata mwenye kosa: kondansateri, kazi yake kuzuia umeme usipite kwenda kwenye taa. Ikiwa baridi ilizuia vizuri. Ikishapata moto ilivujisha, taa ikalewa, na rezistansi maskini ikaungua kwa kosa lisilo lake.

Kujua ugonjwa si kupata dawa. Sokoni nilifungua televisheni mbovu moja baada ya nyingine, na kondansateri zake zilikuwa zimechoka kuliko yetu. Ndugu yetu wa Lubumbashi alipata moja nzima, akampa dereva wa lori atuletee. Lori likakwama kwenye matope, na simu ya dereva ikazimika. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nilikubali, nikiwa nimekaa sakafuni na bisibisi mkononi, nikimchukia baba mdogo, mvua na lori kwa pamoja.

Tukapatana na mdogo wangu: rezistansi mpya, wimbo mmoja mfupi, kisha nazima kabla haijaungua. Rezistansi hiyo ilikuwa ya mwisho koponi.

Siku yenyewe jenereta ilinguruma nyuma ya nyumba. Mama alitoka chumbani amevaa kitenge cha kijani, na wanawake wakapiga vigelegele. Mdogo wangu akaanza. Mama hakucheza. Alikuja polepole, akavuta kiti, akaweka kiganja juu ya ampli.

"Iko moto," alisema.

Wimbo uliisha. Nilipeleka kidole kwenye swichi, na harufu ilikuwa imeanza.

"Wacha," Mama alisema.

"Mama, itakufa."

"Niko najua. Wacha."

Mdogo wangu alinitazama, akasubiri. Niliondoa kidole kwenye swichi. Akaanza wimbo wa pili. Moshi mwembamba ulipanda nyuma ya kitambaa cha spika, sauti ikakwaruza, ikafifia, na vidole vya mdogo wangu vikaendelea kugonga nyuzi ambazo hakuna aliyezisikia.

Nilichomoa waya, maana hapakuwa na kingine cha kufanya. Mama alibaki na mkono juu ya ampli mpaka ikapoa.