Kibali cha Mto Usio na Njia

Kiwanda chetu kilipopata mwenye mali mpya, mie nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Sikulia wala sikugomba. Nilirudi nyumbani Gongo la Mboto, nikavua viatu, nikakaa barazani. Kesho yake nikakaa tena. Majirani walinipa pole kana kwamba nimefiwa, nami niliitikia, "Nishapoa." Na kweli nilikuwa nimepoa, kama uji uliosahaulika.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa milima ya Usambara. Mie ni mtu wa pwani, wa Temeke tangu mababu. Samaki kwangu ni changu na kibua. Yeye alikulia kando ya kijito cha maji baridi chenye trauti, samaki wa madoadoa walioletwa huko na Wazungu zamani. Baba yake alikuwa kibarua wa msitu. Mmishenari mmoja alipokuwa anarudi kwao alimwachia ufito wa kuvulia, naye akamfundisha binti yake. Chambo chao kilikuwa inzi wa bandia: ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ya kuku, inayorushwa itue juu ya maji kama mdudu aliyeanguka. Mzee alipofariki, ufito ukaja kukaa juu ya kabati letu. Jumapili nyingine mke wangu aliushusha akarusha mshipi uani, bila ndoano, kuku wakitawanyika na majirani wakicheka.

Shule zilipofungwa aliniambia, "Baba watoto, twende kwetu tukavue."

"Tukavue ili iweje?"

"Ili utoke hapo barazani."

Watoto tuliwaacha kwa mama yangu. Nilikwenda kwa sababu kukataa kungehitaji nguvu.

Shangazi yake alitupokea kwa furaha, lakini alipouona ufito akatikisa kichwa. "Kule mlikokuwa mkishukia kumefungwa. Lile shamba la umma limepata mwekezaji. Ameweka seng'enge mpaka kwenye kijito."

Mke wangu hakukubali. Asubuhi tulikwenda ofisini kwa bwana samaki wa wilaya, kijana mpole aliyefurahi kuona kuna mtu bado anavua trauti. Alituandikia kibali, akagonga muhuri.

"Sasa tupite wapi?" mke wangu akauliza.

"Mama, mto ni wa serikali na samaki ni wa serikali. Hivyo nimewapa. Njia ipo ndani ya shamba la mtu. Njia sina."

Mke wangu alimtazama, kisha akanitazama mie, akitaka nicheke au nikasirike. Niliona kwamba jambo lile lilistahili moja kati ya hayo mawili. Nikakunja kibali nikatia mfukoni.

Langoni mwa shamba, mlinzi alikisoma akakirudisha. "Amri ya bosi. Hapiti mtu."

"Hata maji ni yake?"

"Mama, mie nalinda lango. Maji siyajui."

Tukarudi barabarani. Tulipofika darajani mke wangu akasimama. Alitazama chini, maji yakitoka kulekule shambani, yakipita kwenye mawe. Akaanza kupandisha kanga yake magotini.

"Barabara ni ya watu wote," akasema. "Na mto tuna kibali chake. Tutapita majini."

Tukateremka kando ya daraja. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kiwandani, vikajaa maji mara moja. Tulipanda kijito tukishikana mikono kwenye utelezi, tukainama chini ya seng'enge iliyovuka juu yetu, tukaendelea mpaka penye kidimbwi chini ya miti. Hapo akaniachia mkono. Alirusha mshipi nyuma, akausubiri unyooke, akaurudisha mbele, na yule inzi akatua bila kishindo. Mara ya kwanza, hakuna kitu. Akarusha tena na tena. Kisha ufito ukapinda.

Alimleta samaki taratibu, akaniwekea viganjani. "Mshike."

Alikuwa baridi, akitweta. Nilihisi ubaridi wake kwenye vidole, na zaidi ya vidole haukupanda.

"Unaonaje?" aliniuliza.

"Mzuri," nikasema.

Mlinzi akatokea juu ya ukingo, akihema. "Nyie! Mmepita wapi?"

"Majini," mke wangu akajibu. "Kwenye shamba la bosi wako hatujakanyaga."

Yule bwana akatutazama tulivyolowa, akafikiri. "Basi mtokee hukohuko."

Tukatokea hukohuko. Shangazi alimkaanga samaki, akamgawa vipande vitatu, akanipa kikubwa kwa sababu ni mkwe. Mke wangu alisimulia habari ya mlinzi, wakacheka mpaka shangazi akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Mie nilikula. Nilisema ni mtamu, na sikudanganya. Ulimi ulikuwa unafanya kazi yake.

Tuliporudi Dar nilikaa tena barazani, mvua za vuli zikaja zikaisha. Kazi nilipata baadaye sana, ya kuchomelea mageti Madale, watu walipoanza kujenga kule vilimani. Nilichomelea mageti mengi, ya chuma kizito, yenye mikuki juu. Mke wangu alikuja siku moja kuniletea chakula, akaliangalia nililokuwa nalimalizia.

"Hili nalo linafunga njia ya wapi?" akauliza.

Nikamwambia sijui, mie nimepewa vipimo tu.