Udongo wa Barafu Uliofika Nizwa

Tamima binti Marzouq alikuwa amepima maji ya mifereji na udongo wa mashamba ya mitende kwa miaka mingi, katika maabara ya chuo kimoja pale Nizwa, wala hakuwahi kuacha kazi yake kwenda kuchungulia dirishani. Siku ile alichungulia kila dakika. Sanduku lilikuwa njiani kutoka uwanja wa ndege wa Maskati, na ndani yake mlikuwa na udongo wa kaskazini kabisa ya dunia, kule ambako ardhi ya chini hukaa imeganda masika na kiangazi, karne hadi karne.

Mna majani na mizizi ndani ya udongo ule, mabaki ya mimea iliyokufa zamani ikakosa kuoza kwa sababu ya baridi. Sasa dunia inapata joto, barafu inayeyuka, vijidudu vinaamka na kuanza kula, na kaboni iliyolala humo inapanda hewani kama gesi na kuzidisha joto lile lile. Dakta Jumana, mkuu wa maabara, alitaka kujua gesi hiyo hutoka kwa kasi gani. Aliwaomba wataalamu wa huko sampuli, nao wakakubali kwa sharti moja tu: isiyeyuke njiani.

Adhuhuri simu ikalia. Gari lililobeba sanduku lilikuwa limekwama Bidbid, mji ulio njiani kuja Nizwa, mtambo wake wa baridi umezimika, na jua la Julai lilikuwa halina huruma. Dakta Jumana alijishika kichwa. Tamima akamkumbuka Nasr, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye hupeleka samaki Maskati kutoka Sur kwa gari la friza. Saa hizo kwa kawaida huwa anarudi na gari tupu, na njia ya Sur inachepukia hapo hapo Bidbid. Alimpigia, akamsihi asimame penye gari lililokwama amsubiri, kisha akashika usukani kuelekea Bidbid.

Alipofika, Nasr alikuwa keshalihamisha sanduku na kulifungia kwenye friza yake. Alimwamkia shikamoo, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Da Tamima, hebu niambie kweli. Samaki gani huyu asiyenuka?"

"Si samaki. Ni udongo."

"Yaani mimi nnabeba udongo kwenye friza ya samaki?"

Tamima alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwa hofu iliyokuwa inamwachia. Alimweleza habari yote pale pale kando ya barabara. Nasr alisikiliza, akampigia mkewe kumwambia atachelewa, akageuza gari kuelekea Nizwa.

Walipofungua sanduku, vipande vilikuwa vigumu kama mawe. Tamima alivitia kwenye chupa za kioo. Nyingine akazirudisha kwenye friza, nyingine akaziacha nje udongo wake uyeyuke, kila moja na mpira wake uliounganishwa na kipima gesi. Mwanzoni mstari kwenye skrini ulilala. Siku zilizofuata, chupa za friza zilibaki kimya, lakini zile za udongo ulioyeyuka mstari wake ulianza kupanda, ukapanda tena, wala haukurudi chini. Tamima alimwita Dakta Jumana, wakasimama mbele ya skrini wameshikana mikono kama wasichana wa skuli.

Alhamisi mama yake, Bi Shukriya, aliyezaliwa Unguja na sasa anakaa Ibra, alikuja kuona kilichomfanya mwanawe asipokee simu. Tamima alimfungulia chupa moja. Bi Shukriya akanusa, akakunja uso.

"Kinaoza hiki."

"Ndiyo, mama. Kilisimama kuoza maelfu ya miaka. Sasa kimeanza tena."

"Na huko ulikotoka udongo huu, kuna mwingi?"

"Nchi na nchi, mama."

Bi Shukriya akaifunika chupa, akasema basi wasikae kutazama tu, waupime wote. Tamima hakuwa amewahi kusikia mama yake akiizungumzia kazi yake hivyo.

Matokeo yalipotumwa kaskazini, jibu lilirudi haraka: msimu ujao aje mwenyewe, achimbe nao. Tamima alilisoma mara mbili, akatoka mbio kumtafuta Dakta Jumana, koti jeupe likipepea. Jioni ukoo wao wote wa Ibra ulikuwa na habari, na Bi Shukriya alikuwa keshaanza kuulizia duka linalouza soksi nzito za sufu.