Nilipokuwa Nahodha wa Wareno

Harufu ya sambaza zinazoanikwa juani hunipokea kila nishukapo Rubona, ufukweni mwa Ziwa Kivu, na kila mara hunitia aibu. Watu hudhani nimekunja uso kwa sababu ya hao samaki wadogo. La, nakumbuka darasa letu la sita, msimu wa mvua, nilipokuwa mtoto wa karani na kujiona kwelikweli. Rafiki yangu wa dawati moja alikuwa Furaha. Mama yake aliuza sambaza, naye alimsaidia kuzianika kabla ya shule, hivyo sare yake ilinuka ziwa mpaka mchana.

Wiki ile mwalimu wa historia alitufundisha jinsi Wareno, Waingereza, Wafaransa na Waholanzi walivyonunua watu kwenye pwani ya magharibi ya Afrika na kuwavusha Atlantiki, wamebanwa chini melini. Ili tuelewe, akasema tuigize. Mimi nikawa nahodha wa Wareno. Madawati yaliunganishwa yakawa meli, na mwalimu akaniachia nichague mateka. Watoto wa watu wa ofisini niliwapita. Wote niliowagusa bega walikuwa watoto wa wavuvi na wauza samaki, Furaha akiwa wa kwanza. Hakuna aliyenituma. Niliwalaza chini ya madawati, kisha nikamwamuru Furaha afungue kinywa nimkague meno. Nikaziba pua, nikatangaza kwamba huyu ananuka, atupwe baharini. Darasa zima likaangua kicheko. Nilifurahi, sitaki kudanganya.

"Claudine, acha," Furaha alininong'oneza. "Mi naona haya."

Nikamwambia mateka haongei.

Kesho yake alihamia dawati la nyuma. Nilimngoja arudi mpaka muhula ukaisha. Siku hizi tunakutana mpakani, Grande Barrière, akivuka na bidhaa zake kwenda Goma. Hunisalimu "Bonjour, madame," kwa heshima zote, kama anavyomsalimu ofisa wa mpaka, kisha hupita. Maneno ya kumwomba msamaha nimeyapanga mara nyingi, lakini nikimwona naishia kumjibu "Bonjour" tu.

Juzi binti yangu alirudi nyumbani na somo lilelile. Sasa wanafundishwa kwa picha, hakuna mtoto anayelazwa sakafuni. Akaniuliza wale Wazungu walikuwa watu wa namna gani hata wakaweza. Nikamjibu kwamba walikuwa watu wa kawaida, wenye watoto na marafiki.

"Hapana, mama," alisema. "Mutu wa kawaida hawezi."

Niliinama nikaendelea kuchambua mchele. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mimi niliweza, tena katika kipindi kimoja tu.