Injini Niliyoitolea Ushuhuda

Siku inayonitia hasira kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumapili moja hapa kwenye kambi yetu ya wakimbizi, Nakivale, nilipopewa kipaza sauti kanisani nikasimama kutoa ushuhuda. Nilisema Mungu ameifufua injini ya Mama Nyota kwa mikono yangu. Akina mama walipiga vigelegele, pasta akaniwekea mkono kichwani, nami nikarudi kwenye benchi nikijiona fundi wa mafundi. Uongo mtupu. Mungu hakuhusika kabisa. Nilikuwa nimemwaga oili nzito kwenye matundu ya plagi.

Ngoja nikueleze, maana hasira bila maelezo ni kelele tu. Mama Nyota alikuwa mjane kutoka Fizi, kule Kongo, na maisha yake yote yalikuwa kwenye gari moja jekundu, la chini, la milango miwili. Alikuwa amelinunua kwa sajini wa kambi ya jeshi ya Makenke aliyehamishwa. Usicheke. Najua unajiuliza gari la mbio, ambalo tumbo lake linagusa mawe, lilikuja kutafuta nini kwenye barabara zetu. Lilikuwa linabeba mabibi harusi. Wakongo, Warundi, hata Wanyankole wa Isingiro, kila aliyeoa alitaka bibi harusi wake ashuke kwenye gari lile lenye maua na riboni. Mama Nyota aliwasomesha watoto wake kwa harusi za wenzake.

Injini yake haikuwa kama hizi unazozifungua kila siku. Haina pistoni. Ndani yake kuna chuma chenye pembe tatu kinachozunguka kwenye chumba, na kila pembe ina kibanzi chembamba, tunakiita sili, kinachokwaruza ukuta wa chumba ili mgandamizo usivuje. Sili zikichakaa, injini inakuwa na tabia ya unafiki. Asubuhi ikiwa baridi inawaka vizuri tu. Ikishapata moto ukaizima, inagoma.

Nilikuwa nafanya kazi Mbarara, kwenye gereji ya Mzee Laurenti, Mrundi mmoja mpole aliyezijua injini za aina ile. Siku Mama Nyota alipolileta gari likiwa linasumbua kuwaka, mzee alikuwa msibani. Nilikuwa peke yangu na kiburi changu.

"Fundi, nambie kweli," aliniuliza. "Niifungue hii moteri ao niache iende hivi? Harusi ziko mingi mwezi huu, lakini nikiambiwa kufungua, nitafungua."

Sikiliza vizuri alivyosema. Yule mama alikuwa tayari. Wakati ule ukuta wa chumba ulikuwa bado mzima. Ungebadilisha sili, ukafunga, na injini ingefanya kazi miaka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye alikuja ufa ukiwa bado ufa. Lakini kumwambia afungue ilikuwa ni kukiri kwamba mimi siwezi, tumsubiri mzee. Nikamwaga oili nzito izibe kwa muda pale sili zilipochakaa, nikaliacha gari lilale, asubuhi nikapiga stata. Likawaka mara moja, likanguruma mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakaja kutazama. Mama Nyota alitoa machozi. Akasema, "Bwana asifiwe," nami badala ya kumwambia ni oili, nikaitikia, "Amina." Jumapili iliyofuata ndipo akaniita nikashuhudie.

Hapo ndipo ninapochukia zaidi, mwanangu. Fundi akikosea anaweza kurudi akasema, samahani, nimekosea. Lakini ukishalipeleka kosa lako madhabahuni, ukalivika jina la Mungu, utarudije? Mama Nyota aliposikia ushuhuda ule aliacha kabisa habari ya kufungua injini. Akakubali harusi tatu.

Ya kwanza ndiyo ilikuwa ya mwisho. Gari lilimchukua bibi harusi saluni Mbarara, likaja vizuri mpaka Isingiro mjini, wakasimama wapige picha. Dereva akazima injini. Walipomaliza picha, ikakataa. Dereva akapiga stata mpaka betri ikachoka. Wasimamizi wa harusi, wamevaa suti, wakasukuma, dereva akaachia klachi, wakasukuma tena. Badala ya kuiacha ipoe, walizidi kuilazimisha, kwa sababu wote walikuwa wamesikia kwamba injini ile imeponywa. Mwishowe ikashika, ikatoa mlio wa chuma kusagika, ikanyamaza. Bibi harusi alifika kanisani Nakivale kwa boda boda, shela kaikunja mkononi, vumbi mpaka kwenye kope.

Gari lilivutwa kurudi gereji. Mzee Laurenti aliifungua injini mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni na Mama Nyota. Sili moja ilikuwa imekatika, na kipande chake kilikuwa kimechimba mfereji kwenye ukuta wa chumba kuanzia juu hadi chini. Mzee alipitisha kucha kwenye ule mfereji, kucha ikakwama. Injini ya kutengenezeka ilikuwa imekuwa chuma chakavu.

"Uliipima ikiwa na moto?" aliniuliza.

"Hapana, mzee. Asubuhi tu, ikiwa baridi."

"Sasa kule kanisani ulishuhudia nini?"

Mama Nyota hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. Alisema tu, "Mimi sijue mambo ya moteri. Nilitumaini weye." Kisha akafunga kitenge chake vizuri, akatoka kutafuta gari la kurudi Nakivale.

Jumapili iliyofuata niliomba kipaza sauti tena. Nikasema wazi: haukuwa muujiza, ilikuwa oili, nami nilimdanganya mjane. Unajua nini kilitokea? Pasta aliniambia nikae chini, nisiwatie watu mashaka katika imani. Waliokuwa wamenishangilia nilipodanganya walinuna niliposema kweli. Mpaka leo nikifikiria nakasirika. Ni Mama Nyota peke yake aliyesimama, akasema, "Mumuache amalize." Wiki ile alikuwa ameanza kuuza ndagala, yaani dagaa, sokoni.

Kwa hiyo siku hizi nikiwaona vijana kwenye video za simu wanamwaga kichupa cha dawa, wanasema injini imefufuka, damu inanichemka. Nawe pia, juzi nilikusikia ukimwambia mtu "itaenda tu". Uliipima wakati gani? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nimeona kifo kikimpita mfichaji kikamwangukia aliyemwamini.

Basi shika haya. Mtu akikuuliza afufue au afungue, ipime injini ikiwa na moto, katika hali ileile atakayoitumia. Ukikuta ukuta bado mzima, mwambie afungue leo, hata kama atakwenda kwa fundi mwingine. Kama hujui, sema hujui. Heri lawama kuliko fedheha. Na jina la Mungu usilitumie kuziba mahali mkono wako uliposhindwa.

Mungu wa wajane akupe mkono mzuri, mwanangu, na ulimi mgumu kusema "imepona". Akujalie watu wakuamini. Na siku watakapokuamini, akutie hofu.