Hatupeleki Chombo Nusu

Juzi nilimsindikiza dada yangu kliniki ya wajawazito, huku ughaibuni, Woolwich. Mbele yetu kwenye kaunta alikuwa mjamzito wa Kikongo, uso na miguu imevimba, pamoja na mama mkwe wake aliyekumbatia dumu la plastiki. Presha ya mimba ilikuwa imeanza kugusa figo, kwa hiyo mjamzito aliagizwa akusanye mkojo wake wote wa siku nzima.

Nesi, Mkenya, alilinyanyua dumu kwa mikono miwili. "Kwenye simu ulisema unapata mkojo kidogo tu. Mbona hili limejaa?"

Mjamzito akamgeukia mama mkwe.

"Halikufika hata nusu," mama mkwe alieleza, kifua mbele. "Sisi hatupelekei watu chombo nusu. Nikajazia wangu."

Nesi aliliweka dumu chini taratibu. "Mama, hicho kidogo ndicho tulichotaka kukiona. Tungepima figo zako, halafu tungemruhusu yeye arudi nyumbani."

Mjamzito alilazwa saa ileile, akapewa dumu jipya. Mama mkwe alipokwenda msalani, aliinua mikono yote miwili ili nesi aone kwamba hakubeba kitu.

Nilicheka mpaka kituo cha basi. Hapo mama yangu akapiga simu kutoka Kigoma, kuuliza hali. Mgongo unaniuma mwezi wa tatu sasa, na kazini wamenipunguzia zamu.

"Niko salama kabisa, mama," nikamwambia. "Huku hakuna shida yoyote."

Nami nikawa nimejaza dumu.