Begi la mwindaji na gunia la korosho

Jamani, leo mabega yangu yamepumzika, ila sina pa kuweka uso.

Huku Nanyamba nabeba magunia ya korosho kutoka shambani hadi barabarani. Bega limechubuka hata kulilalia siwezi. Nikanunua mtumba, begi la wawindaji lenye fremu ya chuma.

Jana likanivuta nyuma, nusura nianguke chali. Msimamizi akasema, "Ngosha, kesho likikusumbua tena unarudi kubeba begani."

Basi leo nimelirekebisha. Gunia nimelifunga juu kwenye fremu, likashikamana na mgongo. Nikakaza mkanda wa kiunoni, nikalegeza wa mabegani. Mkanda wa suruali ulikuwa unanifinya chini ya huo wa begi, nikauvua.

Aisee! Mzigo wote umekaa kiunoni. Nimetembea napiga mluzi!

Barabarani akina mama wanaochambua korosho wakanitazama kwa heshima. Nikafungua mkanda wa begi kwa madaha.

Gunia likashuka. Suruali nayo ikashuka.

Mmoja wao, Mama Zuhura, akapaza sauti, "Shemeji, hapa tunapokea korosho tu!"

Msimamizi kacheka mpaka kakaa chini. Lakini begi kalikubali.

Mwenye kipande cha kamba laini ya kufungia suruali anigawie. Kesho nabeba tena, na wale mama wameahidi kuwahi.